Jina la Dadima Juu ya Keki

Jumanne, 4 Novemba

Jumamosi Dadima, bibi yangu mzaa baba, anatimiza miaka themanini na mitano. Binamu Reza amemnunulia kiti cha umeme kinachokanda mgongo. Mimi sina kitu. Mbaya zaidi, mbele ya Dadima maneno hunitoroka. Kiswahili ninacho, nilisoma Dar hadi darasa la nne, kabla hatujahamia huku ughaibuni! Lakini akiniuliza jambo, najibu kwa Kiingereza, tena kwa kunong'ona, naye anamgeukia Reza. Nataka anigeukie mimi. Mara moja tu.

Mpango umepatikana. Utotoni, kule Moshi, Dadima alijifunza kusoma kwa herufi za Khojki, maandishi ya kale ya Wahindi wa jamaa yetu. Husema zimekufa, wazee wamezikwa nazo. Kumbe wapi! Zimo ndani ya simu. Kuna watu walioziombea nafasi, moja moja, mpaka kila herufi ikapewa namba ambayo kompyuta zote duniani zinaijua. Nilipakua fonti, yaani maumbo ya herufi zenyewe, nikaandika jina lake: Shahbanu. Herufi za marehemu, zimekaa kwenye kioo changu kilichopasuka, zinanitazama.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeagiza keki kwa Mama Médiatrice wa mtaa wetu wa Downsview, mwokaji wa Warundi wote wenye harusi. Jina nilimtumia kwa ujumbe. Akapiga simu. Sikupokea, naogopa simu. Akaandika: "Mwanangu, juu nichore hivi vijisanduku sita tu?" Nikacheka. Maskini, hajazoea hati za kale. Kumweleza niliona haya. Nikamtumia alama ya kidole gumba, ya kukubali.

Jumamosi, 8 Novemba

Vijisanduku sita! Vya krimu, vimenyooka kama madirisha ya ghorofa. Simu ya Mama Médiatrice haina ile fonti. Ilimwonyesha visanduku vitupu, naye akavichora kwa uaminifu. Reza akauliza kama ni ramani ya maegesho. Jamaa wote wakaangua kicheko. Dadima, akitikiswa na kile kiti, akaniuliza ni nini.

Kiingereza kikagoma. Kiswahili nacho kikagoma. Nikampa simu.

Akamwambia Reza azime kiti. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaitamka. Ya pili. Akaenda hivyo polepole hadi mwisho wa jina lake. Hakuna aliyecheka tena. Hata Reza alisogea kuchungulia.

"Baba alinifundisha hizi kwa kuchora mchangani," Dadima akasema. "Nani kazifufua?"

"Mimi, Dadima."

Kwa Kiswahili! Si kweli, lakini kwa Kiswahili.

Jumapili, 9 Novemba

Dadima amepiga simu mwenyewe, si kwa Reza, kwangu. Amewatangazia wenzake wote wa msikitini kwamba mjukuu wake Shakeel kafufua herufi za wazee. Wanataka niwafundishe, kuanzia Jumamosi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nikasema saa nne asubuhi inanifaa.

Nazijua herufi za jina moja. Zilizobaki nitazimaliza kufikia Ijumaa, zitanishindaje? Reza nitampa kazi ya kufuta ubao.