Nguvu Niliyolitia Toroli

Jumatatu, 3 Machi
Nyapara wa ghala anastaafu Ijumaa. Bosi kasema cheo kitakwenda kwa mpakiaji mwenye akili, si mwenye misuli. Moyo umeniruka. Misuli sijawahi hata kusingiziwa. Mpinzani ni mmoja tu: shemeji, kaka wa mke wangu, tunayesukuma naye makabati ghala moja. Mama mkwe ameshaanza kumwita mwanawe nyapara. Mezani, mbele yangu, huku akinipakulia ukoko.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua jambo kubwa! Ukisukuma toroli unalitia nguvu, kama unavyojaza maji kwenye ndoo. Ukiliachia linatumia ile akiba. Ikiisha, linasimama. Nimepima mara kumi na mbili: nikisukuma hatua tatu, linakwenda saba peke yake, kisha kimya. Shemeji kasema hakuna nguvu iliyokwisha, ni magurudumu yana kutu yanalizuia. Wivu ni kidonda.

Jumatano, 5 Machi
Mpango umeiva. Mlangoni hadi ubavuni mwa meza ya bosi ni hatua kumi kamili. Tatu zangu, saba za toroli lenyewe. Ijumaa nitapakia kabati la kioo aliloagiza mama mkwe, ili heshima ibaki nyumbani. Nitasukuma, nitakunja mikono, na kabati litasimama kwa bosi bila kuguswa. Hapo ndipo atakapojua akili ni nini. Mke wangu kaniuliza kwa nini nahesabu hatua kutoka kitandani hadi jikoni. Nimemjibu mke wa nyapara haulizi. Kanitazama sana.

Alhamisi, 6 Machi
Kasoro moja: toroli linalia mno, litaniaibisha. Nimepaka magurudumu grisi, kopo zima, mpaka yakanyamaza. Shemeji kaja mbio kuniambia eti nimejiondolea breki. Breki gani? Toroli halijawahi kuwa na breki. Nimecheka mpaka machozi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesukuma hatua tatu. Nimekunja mikono. Toroli limekwenda saba, taratibu, kama bibi harusi. Likaenda ya nane. Shemeji akapiga kelele nilikamate. Nikamwambia atulie, inaisha sasa hivi.

Haikuisha. Bosi alijiona kwenye kioo akipita, mdomo wazi, kikombe mkononi. Kisha ukuta. Kabati la mama mkwe sasa ni mbao, na kioo nimekifagia hadi jioni.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji ndiye nyapara. Mimi nimepelekwa getini, kufungua na kufunga. Mama mkwe hanisemeshi, na ukoko pia umekatwa. Imeniuma, sitaficha. Shemeji kanifuata kwa upole, kaniuliza kama sasa nimeelewa.

Nimeelewa vizuri sana. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Grisi ndiyo iliyochangia nguvu zake, tena kopo zima. Na toroli liligonga kabla halijamaliza akiba. Iliyobaki imekwenda wapi? Imeingia ukutani, iko mle mpaka leo. Nimebandika karatasi pale: USIEGEMEE. Bosi keshaibandua mara mbili, kaegemea palepale akiichana.

Shauri yake. Siku ukuta ule utakapoanza safari, mwenye funguo za geti ni mimi.