Inategemea ni Chapati ya Nani

Jumatatu, 12 Mei

Balaa! Mwalimu Mkuu, Madam Lenah, ametangaza kwamba Alhamisi anakuja mtathmini wa hisabati, Bi Kasiva. Majibu hayamshughulishi. Anataka kuwasikia wanafunzi wakieleza walivyofikiri. Walivyofikiri! Tangu nije Kayole nimesahihisha majibu tu. Darasa likishindwa kujieleza, mwalimu wake anahamishiwa Gredi ya Kwanza, kufunga kamba za viatu na kupangusa kamasi. Mimi, Mulongo, mwenye tai!

Mwalimu Nthoki wa Gredi ya Tano Mashariki alitabasamu tu. Watoto wake hata ukiwauliza choo kiko wapi wanakupa sababu. Mimi nina Tano Magharibi.

Nimechutama chini ya dirisha lake nikijifanya natafuta chaki. Watoto wanakata karatasi na kubishana kipande kipi ni kikubwa, yeye kimya. Mwalimu gani huyu? Lakini sikuondoka mpaka magoti yakauma. Nilitaka kujua nani atashinda. Kengele ikalia kabla ya jibu. Inaniudhi mpaka sasa.

Jumanne, 13 Mei

Karatasi ni za Nthoki. Mimi nimeingia na chapati, za kibanda cha Ndindi nje ya geti. Mpango: nizikate robo na theluthi, watoto wabishane, mimi nikae kimya kama mtaalamu. Niligeuka kuandika tarehe ubaoni. Nilipogeuka tena, hakuna chapati.

Nikamwuliza Ryan wa dawati la mbele zimeenda wapi. Akasema zimegawanywa. Nikamwuliza zimegawanywaje. Akasema haraka.

Nthoki akachungulia mlangoni, akauliza kwa upole kama ningependa karatasi. Nikamwambia tuko sawa. Mdomo wa Ryan ulikuwa unameta mafuta.

Jumatano, 14 Mei

Mpango mpya. Huu hauliki! Bi Kasiva anataka maelezo? Atapewa. Nimetunga jibu moja la kufaa swali lolote: "Kwanza nilifikiri, kisha nikalinganisha, mwishowe nikathibitisha." Tumekariri mchana kutwa, hadi Ndindi kibandani anaimba. Kavinya pekee hakuwapo, ana homa. Si hasara. Mtoto huyo ana maswali mno.

Alhamisi, 15 Mei

Bi Kasiva alifika na buti zimejaa tope. Akamwuliza Ryan nusu ya kumi na nane. Tisa. Amejuaje? Kwanza alifikiri, kisha akalinganisha, mwishowe akathibitisha. Nikanyoosha tai. Wa pili, maneno yaleyale. Wa tatu, yaleyale. Bi Kasiva akaweka kalamu chini, akamwuliza Triza kwa nini amekuja na slipa. Triza akasimama wima: kwanza alifikiri, kisha akalinganisha, mwishowe akathibitisha.

Madam Lenah akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Ikafika zamu ya Kavinya, amerudi leo, amevaa sweta juu ya sweta. Akaulizwa ipi kubwa, robo au theluthi.

"Inategemea ni chapo ya nani," akasema.

Nikafungua mdomo nimkemee. Bi Kasiva akaniinulia mkono, akavuta kiti. "Hebu nieleze, mama."

"Kama zote ni za Ndindi, theluthi ni kubwa, sababu wanagawana watu wachache. Lakini chapo ya mathe wangu nyumbani inamwagika nje ya sahani. Robo ya hiyo inashinda theluthi ya Ndindi."

"Una hakika?"

Kavinya akachora duara mbili hewani kwa kidole. Darasa zima likamkodolea macho. Hata mimi nilikuwa nasubiri! "Sijui," akasema. "Lazima tupime."

Bi Kasiva akampa mkono kama mtu mzima. Kisha akaniuliza ninawafundishaje wafikiri hivyo. Nikasema ni siri ya darasa. Nthoki, mlangoni, akashikwa na kikohozi.

Baada ya shule nimemwomba mama Kavinya chapati moja, nikanunua moja ya Ndindi. Nimekata robo ya ile na theluthi ya hii, nikazipeleka buchari kwenye mzani wa nyama. Robo imeshinda! Mwenye buchari akauliza hiyo ni nyama gani. Mimi nilikuwa mbali, nawaza. Na kama mama angesukuma nyembamba? Na sehemu ya sita, ingemshinda Ndindi? Ajabu! Sijawahi kuwaza hisabati bila kulazimishwa. Nimezila zote nikiwaza.

Ijumaa, 16 Mei

Madam Lenah amefurahi. Jumatatu anamleta mwenyekiti wa wazazi asikilize darasa langu. Nthoki amenishauri niwape watoto vitu vya kupima, niwaache wabishane. Wivu! Siri ninayo tayari, na ni neno moja tu. Tumelikariri asubuhi yote: "Inategemea!"

Kavinya akainua mkono kuuliza inategemea nini. Nikamwambia aketi.

Jumatatu, 19 Mei

Madam Lenah akauliza saba mara nane.

"Inategemea!" Darasa zima, sauti moja. Safi!

Akauliza leo ni siku gani. "Inategemea!" Mwenyekiti, akijizuia kucheka, akauliza mwalimu wao ni nani. "Inategemea!"

Madam Lenah akasema kwa kweli hilo sasa linamtegemea yeye. Kesho naanza Gredi ya Kwanza. Tano Magharibi wanaunganishwa na watoto wa Nthoki. Walishangilia. Nadhani ni kwa huzuni.

Kavinya akanifuata nje, akauliza kama tulipima zile chapo. Nikamwambia nilipima, robo ya mama yake ilishinda. Macho yakamtoka. Ilishinda kwa kiasi gani? Sikuwa nimeangalia! Akanitazama kwa huruma, akasema atapima mwenyewe, akakimbilia darasa la Nthoki.

Hata hivyo, sijakata tamaa. Nimefikiria vizuri. Watoto wa Gredi ya Kwanza hawajajua kusoma. Heri! Watakariri upesi zaidi. Jibu lao nimeshalitunga, na safari hii lina wimbo na kupiga makofi.