Hatua Elfu Kumi na Tisa Nikiwa Nimekaa

Jumatatu, 3 Juni
Kliniki. Saratani ya titi niliiaga miaka tisa iliyopita, namshukuru Mungu. Nilivaa gauni jipya nikitegemea pongezi. Wapi! Daktari anasema ile mionzi iliyoniponya ilipita jirani na moyo, na sasa kipimo kinaonyesha mafuta yameanza kuganda ndani ya mshipa wa moyo. Sisi tuliochomwa kifuani tuko hatarini kuliko wengine. Kidonge kila jioni, hatua elfu nane kila siku, la sivyo mshipa utaziba. Kanipa saa ya kuhesabu hatua. Mimi, fundi cherehani, mtu wa kukaa! Nimemwachia Mungu. Ila na akili kanipa.

Jumanne, 4 Juni
Dukani na kurudi. Hatua mia sita, magoti yanalia. Wifi yangu, aliyechomwa mionzi mwaka mmoja na mimi na kupewa saa kama yangu, kanipita akirusha mikono kama yuko kwenye gwaride. Akaniuliza, wifi, unatembea au umeangusha sindano unaitafuta? Nikacheka. Meno tu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Saa nimeifunga kifundo cha mguu, nikakanyaga cherehani kutwa. Sare za shule ishirini na mbili. Hatua elfu kumi na tisa! Tena nimekaa juu ya mto laini. Nimemwomba Mungu msamaha mapema, kabla hajauliza.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwonyesha wifi hesabu yangu. Kaisoma mara mbili, akatoka kutembea mbiombio. Utamu ulioje! Jioni karudi anachechemea, malengelenge miguu yote miwili. Nimempaka dawa kwa upendo na kumshauri asishindane na watu wenye kipaji.

Jumatatu, 10 Juni
Kliniki tena. Daktari kafurahia saa, kanipandisha ngazi kumi na nne anitazame. Juu nimefika natweta, nimeng'ang'ania ukuta. Uso ukambadilika. Anasema mtu wa hatua elfu kumi na tisa akihema hivi, mshipa huenda umeshaziba. Nilazwe leo leo, wanipitishe mrija mpaka kwenye moyo. Mrija! Nikatubu palepale, cherehani nikaitaja, mto nikautaja. Wifi alikuwa mlangoni akingoja zamu yake. Kacheka mpaka kakaa chini.

Daktari hakucheka. Kasema, mama, tulihangaika sana kukuokoa na saratani, usije ukatufia kwa uvivu. Nililia kidogo. Amenipa wiki moja ya mwisho. Muuguzi kaibana saa mkononi kwa plasta na kuitia saini yake, nisiihamishe.

Jumanne, 11 Juni
Nimeamka mtu mpya. Nimesali, nimetubu, nimevaa raba. Kabla ya kutoka nikampigia mume wangu pasi shati moja, harakaharaka. Nikatupia jicho saa: hatua mia mbili na kumi! Kwa shati moja! Mume wangu ana mashati kumi na manne, na mashuka bado sijayahesabu. Raba nimevua. Mungu hamtupi mja wake.