Moshi wa Mdalasini

Jumamosi, 6 Januari

Aibu. Aibu ya jana sijui nitaiweka wapi.

Klabu yetu ya bastola iko chini ya ardhi, chini ya ukumbi wa mchezo wa bolingi. Ijumaa sisi tunalenga shabaha, na juu yetu watu wanakula samaki wa kukaanga. Feni ya kutolea hewa ikipigwa na baridi inazunguka inapojisikia. Mimi risasi najitengenezea mwenyewe gereji. Nayeyusha vyuma vya kusawazishia magurudumu, namimina kwenye kalibu, vichwa vya risasi navipaka nta, najaza baruti. Kazi safi. Tatizo moshi. Jana nilipiga raundi moja tu. Moshi ukapanda ngazi, king'ora kikalia, walaji wote wa samaki wakatoka nje kwenye theluji na sahani mkononi. Bibi mmoja alitoka na viatu vya bolingi.

Mama LaVonne, mwenyekiti wetu, aliniita pembeni. Hakufoka, ndiyo maana niliogopa. Ijumaa ijayo tunapambana na timu ya Kettle Bluff. Jumatano nikapige mbele yake, na akiona moshi, nafasi yangu kwenye timu anapewa Orrin Tesch.

Orrin! Mtu anayenunua risasi dukani kama mkate!

Nimekuwa kwenye timu hii tangu nina nywele. Bila timu mimi ni mzee mwenye gereji tu.

Nakiri: nilimwambia Mama LaVonne kosa ni la feni. Orrin akadakia, "Verlyn, siku nyingine kabla ya kufyatua tuage kwanza. Hatujui kama tutaonana tena."

Jumapili, 7 Januari

Mwenye hatia ni baruti. Baada ya ibada nikaenda kwenye machimbo ya kokoto na kopo la baruti nyingine. Marlys, mke wangu, akaja kunishikia chupa ya kahawa. Baridi ya kukata masikio. Nikapiga. Wingu! Nikapiga tena. Wingu! Marlys akasema nusu ya wingu ni pumzi yangu. Nikabana pumzi, nikapiga mpaka nikaona nyota mchana. Wingu lilipungua nusu. Nusu iliyobaki ikanijia usoni.

Akauliza kama si ile nta inayoungua. Nikamweleza kwa kirefu mambo ya kemia ambayo mwenyewe siyajui. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anakunywa kahawa yangu.

Jumatatu, 8 Januari

Ni nta! Nimegundua mwenyewe.

(Nakiri: si mwenyewe.)

Lakini bila nta, kichwa cha risasi kinaacha madini yake ndani ya mtutu. Lazima nipate nta nyingine, ya kistaarabu. Nikakumbuka mishumaa ya Marlys, zawadi ya dada yake, imewekwa kabatini kwa ajili ya wageni. Mshumaa unawaka mezani na hakuna anayekohoa. Kwa nini uwafanye watu wakohoe ukiwa kwenye bastola? Nilitafuta kasoro kwenye hoja hiyo, sikuiona. Nikayeyusha ule mkubwa kuliko yote.

Jumatano, 10 Januari

Moshi uko palepale. Tofauti ni kwamba unanukia mdalasini na tufaha.

Safari hii hakuna aliyekimbia. Juu, wacheza bolingi wote waliagiza pai ya tufaha kwa mpigo, jiko likaishiwa. Mwenye ukumbi akashuka mwenyewe kuuliza kama Jumamosi pia napiga.

Mama LaVonne alikuwa anafuta machozi. Ya moshi, si ya huruma. Akasema atanivumilia mara ya mwisho: Ijumaa naanza mimi, lakini ukitokea hata uzi wa moshi, Orrin anaingia. Orrin akaahidi kuleta aiskrimu.

Alhamisi, 11 Januari

Muuza duka la vifaa amenifungua macho. Kuna rangi kavu, ya unga. Unavitikisa vichwa vya risasi humo, unavioka, rangi inashika, nta haihitajiki tena. Hakuna nta, hakuna moshi. Rangi iliyokuwa imebaki dukani ni ya waridi. Sawa tu, mimi si mtu wa kuchagua.

Nilihitaji oveni. Marlys ana ile ndogo ya mezani. Na leo ana kwaya.

Kwaya iliahirishwa kwa ajili ya theluji.

Akaingia na bakuli la viazi vya jibini, akafungua oveni avipashe moto, akakuta safu za waridi kwenye trei ya biskuti za kanisa.

"Verlyn," akasema, "hivyo ni vya kula?"

Nikasema hapana, ni sumu.

Nadhani jibu hilo lilikuwa la kweli kupita kiasi. Akaweka bakuli chini polepole. "Basi hiyo oveni ni yako sasa. Ipeleke gereji. Na ukiona giza linaingia, usirudi, kaa nayo, si mmependana?"

Ijumaa, 12 Januari

Ukumbi umejaa. Kettle Bluff wamekuja na makoti yanayofanana. Orrin amekaa benchi la akiba, bastola mapajani, anasubiri uzi wa moshi kama paka.

Nikapiga risasi zangu zote. Hewa angavu! Safi kama kioo! Watu wakapiga makofi, hata wa Kettle Bluff. Mama LaVonne akaniwekea mkono begani. Nilikaribia kulia.

Halafu akavuta karatasi za shabaha.

Karatasi yangu ilikuwa na tundu moja, kwenye kona, karibu na namba. Ya jirani yangu wa Kettle Bluff ilikuwa na tundu la ziada katikati kabisa, lenye ukingo wa waridi. Akanishukuru kwa adabu. Dari nayo ilikuwa na doa la waridi.

Mama LaVonne akazilinganisha karatasi hizo mbili. Akakiri mbele ya wote kwamba siku zote moshi wangu ulimwasha macho, karatasi hakuiona vizuri, akawa ananipa alama kwa kukadiria, kwa sababu kila nikimaliza kupiga nilikuwa na furaha.

Tumefungwa vibaya. Nafasi yangu kachukua Orrin. Hata hakunicheka, na hilo ndilo limeniuma. Alisema tu, "Kumbe ule moshi ulikuwa rafiki yako, ndugu yangu."

Jumapili, 14 Januari

Nimetubu. Nimekaa kiti cha mbele kanisani, nimeungama kiburi, feni, kemia na oveni. Mshumaa sikuutaja. Mungu anaujua na Marlys haujui, mambo yakae hivyo.

Nikamwambia Marlys mimi sasa ni mtu mpya. Akaniruhusu kurudi jikoni, lakini kukaa tu.

Jumatatu, 15 Januari

Mama LaVonne amekubali kunijaribu tena Ijumaa. Moyo wake mzuri. Macho yake bado mekundu.

Nimetafakari sana maneno ya Orrin. Mtu hamwachi rafiki.

Jioni nimemwomba Marlys ile mishumaa mingine ya dada yake. Akauliza ya nini. Nimemwambia nataka kusali.