Tone Moja Kila Ganda

Jumatatu, 1 Septemba 1958

Nimepandishwa cheo! Jana mfagia majani. Leo msafisha shaba wa Bwana Miwani. Huyu ni mzungu mstaafu wa hapa Diani, haoni vizuri, na risasi zake hujaza mwenyewe. Akipiga haachi ganda la shaba chini. Huliokota, likasafishwa, akatia fataki mpya na baruti mpya, likarudi kazini. Leo yako ishirini, meusi kama masizi ya chungu.

Kazi hii ilikuwa ya Garama mpishi. Miaka miwili! Nilimwambia Bwana kwamba Garama ni hodari wa mchuzi, simkatai, lakini shaba waachie watu wa Mwabungo, sisi tumezaliwa kwenye masinia. Bwana akakubali. Akanieleza: maji moto na siki, suuza, anika, basi. Hiyo "basi" aliirudia mara tatu. Sijui aliniona kiziwi.

Sababu yangu naiandika hapa tu. Jumamosi Bwana anakwenda Kikoneni kwa Mzee Kibwana, kumpigia nguruwe mwitu wanaommalizia muhogo. Na Mzee Kibwana ndiye baba yake Mwanaima. Nimepeleka posa mara mbili. Mara mbili nimejibiwa kwamba mimi maneno mengi, kazi haba. Sasa ngoja anione nimesimama na mkoba wa risasi, shaba inameta, nguruwe chali. Hapo atakataa nini?

Jumanne, 2 Septemba

Garama kaninyima chupa ya siki. Eti ni moja tu, na Bwana hali kachumbari bila siki. Akasema atanipimia mwenyewe, kijiko kimoja kinatosha. Mimi nipimiwe siki na Garama? Thubutu.

Nikaenda zangu Mwabungo kwa Shangazi Mbeyu. Shikamoo, marahaba, chai, habari za wagonjwa wote mmoja baada ya mmoja. Ndipo kazi. Shangazi ndiye anayeng'arisha masinia ya harusi, mji mzima unamtegemea. Ukwaju, majivu, kumbi la nazi. Tukasugua mpaka alasiri. Subhanallah! Nikajiona masharubu.

Shangazi aliuliza vikopo hivi ni vya nini. Nikasema ni vya Bwana. Akasema shaba isiyopakwa mafuta ya nazi hufanya kutu ya kijani, haifiki Ijumaa. Maneno ya mtu mzima hayo. Bwana hakusema nipake. Lakini pia hakusema nisipake! Nimetia tone moja kila ganda, kwa unyoya wa kuku, ndani kabisa. Ndani ndiko kutu inakoanzia.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeyapanga mezani kwa Bwana asubuhi. Akainua moja dirishani, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema vizuri sana. Mara mbili! Nikamtupia jicho Garama. Akajitia anamenya vitunguu.

Kisha Bwana akahesabu. Kumi na tisa.

Tangu hii Hali ya Hatari kila ganda lina hesabu yake. Askari wakija wakakuta limepungua moja, hakuna cha kusema lilidondoka njiani. Bwana hakunigombeza. Alisema tu kwamba kesho adhuhuri anataka kuona ishirini, la sivyo Jumamosi nitabaki hapa na ufagio wangu. Nikamwona Mwanaima anakwenda hivi hivi. Nikasema moja liko juani, bado halijakauka. Uongo wenyewe mdogo.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimelipata. Shangazi kalifanya kidau cha wanja! Limejaa pomoni, lina kijiti chake, na macho keshayapaka. Nikamweleza askari, nikamweleza kifungo, nikamweleza Mwanaima. Akasema tangu aolewe hajapata kidau kizuri namna hii. Saa nzima tulibishana. Mwisho akakubali kubadilishana na kofia yangu ya viua, mpya, ile niliyoiweka ya kumwendea Mzee Kibwana. Eti itamfaa mwanawe. Nimeondoka kichwa wazi.

Nimefika Diani adhuhuri ile ile, jasho tupu, na ganda jeusi ndani nje. Ukwaju sina, mafuta sina. Garama akalitwaa mkononi mwangu wala hakuomba. Maji moto. Siki, kijiko kimoja. Akasuuza, akaliinamisha kando ya jiko likauke. Basi. Halikung'aa hata kidogo! Nilimsihi Bwana asilitumie mbele za watu.

Ijumaa, 5 Septemba

Bwana amejaza sita tu, baruti ilikuwa inakwisha. Matano ni yangu. La sita ni lile la Garama, nimeona haya hata kuliuliza. Nimelitia chini kabisa mkobani lisionekane.

Msikitini nimeomba mambo mawili, nguruwe na Mwanaima. Nikajirekebisha, nikaanza na Mwanaima.

Garama ananoa kisu. Naye anakuja kesho. Yeye haja yake nyama tu, kwao Kinango wanaila na wanamngoja. Sina ugomvi na hilo. Kila mtu na riziki yake.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku mbaya. Naiandika kama ilivyokuwa.

Tulifika Kikoneni alfajiri, baridi. Mzee Kibwana akatupokea penye mpaka wa shamba, Mwanaima nyuma yake na birika la kahawa. Mimi mbele, mkoba begani. Mzee akakitazama kichwa changu kitupu.

Nguruwe saba ndani ya muhogo, wanafukua kama shamba lao. Nikatoa risasi ya kwanza. Ikameta! Mzee alisema mashallah. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Bwana akalenga, akafyatua. Tk.

Ya pili, tk. Dume kubwa likainua kichwa, likatuangalia, likarudi kula. Ya tatu tk. Ya nne tk. Ya tano sikutaka hata kuitoa. Nayo tk. Nyuma yangu mtu akacheka kidogo, akajizuia, na kicheko kile nakijua, ni cha Mwanaima.

Ikabaki ile ya Garama. Nikampa Bwana bila kuiangalia. Ikalia! Dume likaanguka pale pale, sita wakatokomea bondeni. Garama akapita na kisu chake.

Barazani kwa Mzee, Bwana akaomba koleo, akazifungua zile tano zangu. Baruti imeshikana kama kashata. Akanusa kidole, akampa Mzee naye anuse. Mzee akanusa, akasema hii ni nazi. Nikaeleza habari ya kutu ya kijani. Hakuna aliyenisaidia. Mzee akauliza nani aliyeliosha lile lililolia. Akaambiwa. Garama akapewa kikombe cha kwanza. Mimi nikapewa cha mwisho, mashapo matupu. Na Garama hakujisifu hata neno moja, ndilo lililoniuma zaidi.

Bwana akanipa mapumziko ya mwezi mzima, ingawa sikuyaomba.

Nilipokuwa natafuta viatu vyangu Mzee Kibwana akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Sefu, mwanangu, mimi sitafuti mkwe fundi. Natafuta mkwe anayesikia. Ukiambiwa siki, ni siki."

Nikasema ndiyo, baba. Akasema nguruwe sita wamebaki na watarudi. Nikae shambani kwake mpaka muhogo ung'olewe, na kila wakija nipige debe mpaka wakimbie. Muhogo ukisalimika, nilete wazee wangu kwa posa ya tatu. Ukiliwa, nisilitaje jina la Mwanaima mbele yake maisha. Nilitaka kulia, wallahi. Nikakubali.

Jumapili, 7 Septemba

Niko Kikoneni. Nimepewa kibanda kizuri katikati ya muhogo. Mwanaima mwenyewe ameniletea debe na fimbo yake. Akaviweka chini, akasimama kidogo.

"Lipige tu, Sefu. Usilifanyie kitu chochote. Nakuomba."

Ananipenda! Mtu hamwombi asiyempenda. Nimeahidi.

Kutwa nimekaa nikiwaza mambo ya jana, maana mtu lazima ajifunze. Na nimeliona kosa. Kosa halikuwa mafuta. Kosa lilikuwa nazi! Huku Kikoneni kuna baridi ya asubuhi, na mafuta ya nazi yakipata baridi huganda chupani yakawa meupe, hata mtoto mdogo anajua. Simsim haigandi. Laiti ningalitia simsim, leo ningekuwa nazungumza mahari. Nikirudi Diani nitamweleza Bwana taratibu.

Debe lenyewe ni aibu, kutu juu mpaka chini. Hawezi mkwe mtarajiwa kupiga debe la namna hii, watu wapite waone. Nimelisugua kwa majivu mpaka likang'aa. Kisha nikaazima mafuta ya simsim kwa jirani, mama mmoja aitwaye Mbodze, nikalipaka ndani na nje. Yaliyobaki nimeipaka fimbo, mara tatu, hasa pale pa kushikia.

Nasikia miguno huko bondeni. Waje tu.