Mlinzi wa Sanduku la Kioo

Jumatatu, tarehe 4 Machi 1974

Nimegundua njama. Nyumba hii ya reli, ambamo nimeishi tangu nilipokuwa karani wa ghala la mizigo, inatamaniwa na jirani yangu Mpoyi. Mimi nimestaafu. Yeye yumo kazini bado, na watoto wake sita wanalala chumba kimoja. Atakayeamua ni mkuu mpya wa stesheni, Citoyen Musau (zamani Bwana Florentin; serikali imefuta majina ya Kizungu, sasa hatusemi). Ataamua juma lijalo. Leo nimemkuta Mpoyi barazani kwa mkuu, anacheka. Kwa nini mtu acheke saa za kazi?

Hata hivyo sikurudi mikono mitupu. Sebuleni kwa mkuu pana sanduku la kioo lililojaa maji, na ndani yake samaki wa manjano waliokuja kwa treni kutoka Kalemie. Hawaliwi. Wanatazamwa. Mkuu huwataja mmoja mmoja kwa sauti laini ambayo hajawahi kuitumia kwa mfanyakazi yeyote. Papo hapo nikamwarifu kwamba mimi pia ni mfugaji. Amefurahi mno. Atakuja kuwaona Jumapili.

Sina samaki.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeunda sanduku. Vioo vya behewa bovu la daraja la kwanza, vimeunganishwa kwa lami. Mke wangu Ntumba aliuliza kama lami itashika. Nilimjibu kwamba swali hilo ni la mtu asiyejua reli. Kabla ya chakula cha mchana maji yote yalikuwa juu ya viti vyake. Nimeongeza lami. Sasa yanashika, ila yana harufu ya karakana. Mimi niliizoea harufu hiyo. Samaki nao wataizoea.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Bandarini, kuchagua samaki. Wavuvi wawili waliniuliza maswali mengi: sanduku lina ukubwa gani, nataka kuweka nani pamoja na nani. Mwenye bidhaa nzuri haulizi. Niliwaacha hapo hapo. Bibi Sharifa, muuza samaki, hakuuliza neno. Alinichotea wadogo wanaong'aa kama sarafu mpya, kisha akanipa kambale mmoja mwenye kichwa kipana na sharubu za heshima. Nilitaka kujua tabia yake. Akaniapia kwamba anakula fufu ya muhogo tu, na ni mpole kama katekista.

Nimemweka pamoja na wadogo awe mkubwa wao. Kundi bila mkubwa ni fujo.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Wizi! Wadogo wamepungua, wala hakuna anayejua lolote. Nimemchunguza paka. Nimemchunguza Ntumba. Mpoyi amepita dirishani akanisalimu kwa adabu kubwa, jambo ambalo limenitia shaka zaidi. Kambale alikuwa pembeni, kimya, kama mtu aliyeona jambo zito.

Ntumba aliinama mbele ya kioo, akahesabu waliobaki.

“Baba Ndaya,” akasema, “ule mukubwa njo anawakula.”

Nilimwonyesha fufu chini ya maji. Yote imebaki, haikuguswa. Mnyama asiyemaliza hata fufu yake atakula wenzake? Alikwenda jikoni.

Nimechukua hatua. Nimefunika sanduku kwa ubao, nikapitisha waya, nikaufunga kwa kipande cha madini ya risasi na kukibana kwa koleo, kama tunavyofunga mlango wa behewa la mizigo. (Koleo ni la kazi. Nilipostaafu sikulirudisha, nikihofia litaibwa.) Katika reli sheria ni moja: muhuri ukiwa mzima, mzigo ni mzima.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Muhuri mzima. Samaki wamepungua tena.

Nimewaza tangu asubuhi. Anayeweza kukata risasi, kuiba, kisha kuweka risasi nyingine isiyo na kasoro, lazima awe na koleo kama langu. Katika mtaa huu wenye koleo hilo ni wawili tu. Mmoja ni mimi. Wa pili ni mkaguzi wa mabehewa, Citoyen Mpoyi.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Salongo, kazi ya lazima ya umma. Mtaa mzima ulitoka kufyeka majani kando ya reli. Nilisema, bila kumtaja mtu, kwamba wapo watu wanaotumia vifaa vya kazi usiku. Mpoyi akaegemea panga lake.

“Muzee, nimesikia unafunga samaki na plombe kama mizigo ya Lubumbashi. Wamekata tikiti?”

Walicheka wote. Hata mjumbe wa Chama, anayesimamia kazi, alicheka. Nimemweka na yeye katika hesabu.

Kisha Mpoyi akanisogelea, akanishauri kwa sauti ya chini nimtoe kambale, mkewe atampika na mawese, tule pamoja. Nimeelewa kila kitu. Anataka kumwondoa shahidi!

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mkuu amekuja. Ndani ya sanduku amebaki kambale peke yake.

Nilimweleza kwa utaratibu: mzigo ulivyopokewa, mihuri ilivyokuwa mizima, adui asiyetajwa. Nikamwonyesha kambale, ambaye peke yake hakuondoka kituoni pake. Nikasema mlinzi wa namna hii hapatikani hata katika reli. Mkuu alinitazama, akamtazama kambale, akanitazama tena. Aliuliza kama ninapata usingizi wa kutosha. Hakugusa chai. Akaondoka kabla sijamuuliza kuhusu nyumba.

Ni dhahiri kwamba ana hofu. Ameona kilichonipata na anawawazia samaki wake wa manjano. Mtu atakayemtuliza ndiye atakayebaki na nyumba.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimefanya tendo kubwa. Mkuu alikuwa mkutanoni. Nilimpeleka kambale nyumbani kwake ndani ya ndoo. Mpishi aliuliza kama ni wa kukaanga; nilimkemea. Nikamtia kwa mkono wangu katika sanduku la mkuu, katikati ya wale wa manjano. Walikimbilia pembeni wote. Heshima ya mara ya kwanza.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Nimeitwa kwa mkuu. Sanduku lake ni maji matupu. Kambale yumo ndani ya beseni sakafuni, tumbo kama ngoma. Mkuu hakuniambia nikae.

“Muzee Mukuna, siku ya kwanza ya mwezi unaokuja Mpoyi ataingia mu ile nyumba. Na huyu mubebe. Nisimuone tena.”

Mkono wa Mpoyi umefika hata sebuleni kwa mkuu wa stesheni! Maskini mkuu, hajui anavyochezewa. Kambale hakuacha lindo hadi samaki wa mwisho. Amevimba kwa uchungu.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Tumefunga mizigo. Treni ya Kibombo inaondoka leo. Tutakaa kwa binti yetu Ndaya. Mpoyi amekuja na mkokoteni wake, ametubebea vitanda hadi stesheni na hakutaka hata kuketi. Anahakikisha kwamba tunaondoka.

Ndaya ametuma habari njema: mumewe amechimba bwawa na kulijaza samaki wachanga, nao wameanza kunenepa. Nikamuuliza aliyeleta habari nani anawalinda. Hakuna! Vijana wa siku hizi. Nimembadilishia kambale maji na kufunga ndoo kwa risasi. Kesho asubuhi atakuwa kazini.

Nimemwarifu Ntumba. Ameketi juu ya sanduku la nguo, anacheka hadi machozi. Sijui Mpoyi amempa nini.