Mama Noella Amepotea Ndani ya Diski

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Zimefika! Diski tano zinazofanana pamoja na mashine yake, ndani ya katoni iliyofungwa kamba tatu. Zimevuka mpaka leo asubuhi kwa pikipiki. Katoni ilikuwa mapajani mwa abiria kama mtoto mchanga.

Ametuma Ndikumana, fundi wa sauti wa Bujumbura, yule aliyekuja Noeli iliyopita kurekodi korali yetu. Alitundika mikrofoni kila upande wa kanisa, hata nyuma kabisa. Anasema hizi si diski za kawaida. Ati sauti inakuzunguka, wewe unakaa katikati yake. Ameandika na barua ya kurasa nne. Kurasa nne! Nimesoma salamu. Zilikuwa nzuri. Mtu aliyeshika sono ya kanisa, vyombo vyote vya sauti, miaka kumi na moja hafundishwi na karatasi.

Nimemwahidi Papa Kizito, prezida na mwongozaji wa korali, kwamba diski italia Jumapili mbele ya kanisa zima na wageni kutoka Makobola. Siku hiyo korali inatimiza miaka ishirini. Achille alikuwa palepale. Achille anauza simu sokoni, basi anajiona injinia. Akauliza kwa upole (huo upole wake!) kama nimewahi kugusa mashine ya namna hii. Nikajibu kwamba mashine ni mashine. Papa Kizito akasema vizuri: ikilia sawasawa, ufunguo wa kabati la sono unabaki kwangu. Isipolia, unaenda kwa Achille.

Ufunguo wangu! Ninautembeza kwenye mkanda tangu Mulongwe mpaka Kalundu, watu wananijua kwa mlio wake. Sitalala nao mbali usiku wa leo.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Balaa. Balaa tupu.

Nilifunga mashine kwenye ampli yangu na bafle zangu mbili za kutolea sauti, moja kushoto, moja kulia, kama Mungu alivyoweka masikio. Ikalia. Mawe, mama wee! Uzuri gani! Ngoma safi, soprano safi, mpaka Élisabeth mke wangu akaacha kusonga ugali akaja mlangoni. Nikamwita Mama Noella, mwimbaji wetu mkuu, aje kusikia wimbo wake. Akaja na dada zake watatu na viti vyao.

Wimbo wa pili ukaanza. Gitaa ikaingia. Ikafika mahali pa Mama Noella kuingia. Kimya! Gitaa inaendelea, Mama Noella hayuko. Korali inajibu "Amina" kwa nguvu, lakini inamjibu nani? Tukarudisha. Vilevile. Kwa mbali kabisa, kama mtu aliye ndani ya kisima, tulisikia kivuli cha sauti yake, basi.

Mama Noella hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Alisimama, akachukua kiti chake, akasema sasa amewaelewa watu wa korali hii. Wamempa Ndikumana maneno, amemfuta. Na anamjua aliyefanya: ni Fanny, anayetafuta nafasi yake tangu mwaka juzi. Dada zake wakasema ndiyo, hata wao walimwona Fanny akimpa Ndikumana soda.

Kufika jioni kartie nzima, nyumba kwa nyumba, inajua. Fanny amesema hakufuta mtu, lakini kama Mungu mwenyewe amefuta, yeye ni nani abishe? Achille amepita mbele ya nyumba mara mbili akipiga mluzi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Asubuhi nimeosha diski kwa sabuni ya vyombo. Nikaikausha kwa fulana yangu mpya. Hakuna. Nikaosha ya pili. Hakuna. Élisabeth akauliza kama barua inasema tuoshe. Wanawake na maswali!

Ndipo nikageuza mashine nitazame mgongo wake. Matundu sita! Mimi nilikuwa nimetumia mawili. Sasa kwa nini muntu atoboe mashine mara sita kama mawili yanatosha? Nikasahau hata chai. Nikachomeka waya kwenye tundu la katikati.

MAMA NOELLA! Mzima! Peke yake, bila ngoma, bila korali, karibu sana, utadhani amekaa kwenye kochi. Nilisikia hata pumzi zake. Kabla ya kila mstari anavuta hewa kama mtu anayepuliza makaa. Nilipiga kelele ya furaha, majirani wakadhani umeme umenipiga.

Kumbe hawakumfuta. Walimpa chumba chake! Diski hii ni nyumba, kila mtu na mlango wake. Nimeshangaa sana, nasema ukweli. Miaka kumi na moja nasikia muziki kwa jumla, sijawahi kusikia mtu mmoja mmoja ndani yake.

Nikamwita Mama Noella. Akasikiliza mara nne, akalia machozi. Fanny akasamehewa. Ila sasa Mama Noella anataka Jumapili diski ilie hivyohivyo, yeye tu. Anasema korali inamchafulia. Papa Kizito amekataa: ama wote wasikike pamoja, ama ufunguo unakwenda. Ulimi wa mtu ukishatoa neno mbele ya wazee hauwezi kulirudisha, hilo najua.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimeendelea na uchunguzi. Mashine inanivuta, sikatai. Tundu moja linatoa ngoma tu, dum dum, mbuzi wa jirani amekata kamba. Yamebaki mawili, yale ya nyuma. Nikachomeka.

Ni waumini! Wale waliokaa nyuma ya kanisa Noeli. Kikohozi. Mtoto analia. Mtu anapenga kamasi. Kiti kinaburuzwa. Nilikaa hapo saa nzima nikiwatambua mmoja mmoja. Kikohozi kile ni cha Mzee Bisengimana, sina shaka. Nilicheka peke yangu.

Halafu wimbo wa tatu. Mnong'ono wa mwanamume, wazi kabisa, karibu na mikrofoni. Anamwambia mwenzake ati, "Mutazame Kizito. Anapunga mikono sawa mama anafukuza nzi ku samaki ya ndagala. Ningekuwa mimi mwenye naongoza, hii korali ingefika Kinshasa."

Nikajiuliza, nani huyu mshenzi anayesema ndani ya nyumba ya Mungu?

Ni mimi.

Nilikuwa nimesimama nyuma na Hyacinthe, mwimbaji wa besi ambaye siku ile hakuimba kwa sababu ya mafua, nikimpa maoni. Maoni ya siri! Nimezima mashine, nimefunga mlango, nimejilaza. Papa Kizito akisikia maneno haya, ufunguo si kitu tena, hata mlango wa kanisa nitauona kwa mbali. Naogopa kweli.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimepata dawa! Bafle tatu. Mbili za korali, moja ya katikati ya Mama Noella. Matundu ya nyuma yabaki wazi milele, Amina.

Shida: bafle ya tatu iko kwa Achille. Nilimeza kiburi pamoja na mate, nikaenda sokoni. Akakubali upesi mno. Akaja nyumbani kutazama, akaona barua ya Ndikumana chini ya sahani ya ndizi, akaanza kusoma ukurasa wa tatu. Ati kama tuna bafle mbili tu, tusihangaike: tuchukue telekomande, kile kidude cha kuongozea mashine kwa mbali, tuchague njia ya bafle mbili, na kila kitu kitasikika humo.

Kila kitu! Kila kitu maana yake na mimi! Nikamnyang'anya barua kabla hajafungua ukurasa wa nne, nikaitia mfukoni. Nikamwambia Kifaransa cha Ndikumana ni kigumu, hakiwezi kusomwa na kila mtu. Achille akasema mashine iko muzima, labda mwenye mashine ndiye hayuko muzima. Nikacheka naye. Moyoni sikucheka.

Telekomande nimeificha ndani ya gunia la unga wa muhogo.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Élisabeth ameikuta. Alikuwa anachota unga wa chakula cha mchana. Nikamweleza kwamba unga unazuia unyevu wa ziwa usiingie kwenye vitufe. Akanirudishia, akaendelea kuchota. Nimeihamishia ndani ya kiatu.

Mchana jaribio kanisani. Bafle tatu mbele. Umeme ulikuwepo, ajabu! Mama Noella katikati, korali kushoto na kulia, kila mtu mahali pake kama siku ile. Fanny mwenyewe akasema wimbo umetoka vizuri. Papa Kizito akanishika bega, akasema Thaddée, kweli weye ni mtu wa kazi. Nilimpenda wakati ule, nikajuta maneno ya nzi. Kidogo.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Sijui niandikeje.

Kanisa limejaa mpaka madirishani. Wageni wa Makobola wamekaa nyuma, na Papa Kizito pamoja nao, kwa heshima. Nimevaa koti. Ufunguo unalia kiunoni. Anaingia nani? Achille, na bafle mbili zaidi juu ya pikipiki! Zawadi, anasema. Ameona matundu mawili ya nyuma yako wazi, na ni aibu wageni kusikia nusu. Nikasema hapana, sauti za nyuma zinatisha wazee. Nikasema waya hautoshi. Achille akatoa waya mrefu mfukoni. Papa Kizito akasema zifungwe.

Wimbo wa kwanza: maajabu! Sauti kila upande. Watu wanageuka kumtafuta anayekohoa. Mama mmoja akamwambia jirani yake amnyonyeshe mtoto, na jirani hana mtoto. Mzee Bisengimana akasikia kikohozi chake, akaomba radhi. Hata mimi, katikati ya hofu, nilikuwa natabasamu.

Wimbo wa tatu nikajifanya nimejikwaa kwenye waya. Sikujikwaa vizuri. Nikaanguka mimi, waya ukabaki. Na nikiwa chini, nikasikia sauti yangu inatoka nyuma ya kichwa cha Papa Kizito. Kizito. Nzi. Ndagala. Kinshasa. Yote, kwa usafi ambao sono yangu haijawahi kutoa.

Halafu mgeni mmoja wa Makobola akacheka, na kanisa zima likamfuata. Papa Kizito peke yake hakucheka. Achille akamwambia kuna barua mfukoni mwangu; akanyoosha mkono, akaiomba. Alisoma ukurasa wa nne kwa sauti, akitafsiri pole pole: kwenye njia ya bafle mbili, Ndikumana aliondoa minong'ono yote, hasa ya bwana mmoja aliyesimama karibu na mikrofoni ya nyuma na ambaye hachoki kusema.

Aliondoa! Kubonyeza kitufe kimoja tu, na nisingesikika! Kwa aibu nilimkabidhi Achille ufunguo mimi mwenyewe. Kiuno changu ni chepesi, na nina huzuni sana.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Papa Kizito amekuja nyumbani asubuhi. Nilitaka kutokea mlango wa jikoni, Élisabeth akaufunga. Lakini hakuja kugombana. Alikaa, akanywa chai, akasema amefikiri sana juu ya maneno yangu. Ameona nina maono. Basi Jumapili ijayo, korali kubwa ya Luvungi ikija kushindana nasi, yeye atakaa kwenye benchi na wageni. Nitaongoza mimi. Nyimbo nne. Alikuwa anatabasamu vizuri mno, na nje dirishani Achille na Hyacinthe nao walikuwa wanatabasamu.

Hatimaye wametambua! Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Ameniachia daftari la noti za nyimbo, ati nilisome. La nini? Kuongoza ni kuinua mikono na kuishusha. Nimeshawatangazia watu mpaka bandarini.

Nimemwonyesha Élisabeth jinsi nitakavyoingia, nitakavyosimama, nitakavyowaanzisha besi. Amecheka mpaka amekaa chini na kujifunika kitenge usoni. Sijamwona na furaha namna hii tangu siku ya harusi.